Simu ikisema alfajiri imeingia: tathmini ya programu za nyakati za funga

Funga ya siku moja ina mipaka miwili: kupambazuka kwa alfajiri ya kweli na kuchwa kwa jua. Kati ya mipaka hiyo Mwislamu hujizuia kula, kunywa na tendo la ndoa kwa nia ya kumwabudu Mwenyezi Mungu. Zamani mipaka hiyo ilitazamwa kwa macho, siku hizi watu wengi huipokea kutoka kwenye simu. Ndiyo maana programu ya nyakati ina jambo moja kubwa la kupimwa nalo: mipaka hiyo imeipataje, na je, inakuonyesha imefikaje hapo? Sauti tamu ya adhana na picha za misikiti ni mambo ya baadaye. Kwa kipimo hiki programu kadhaa zinazosifiwa hushuka daraja, na baadhi ya zile kavu zisizo na mapambo hupanda.

Tuanze na alfajiri, maana ndiko kwenye tatizo kubwa.

Hakuna programu inayoiona alfajiri. Inachukua latitudo na longitudo ya mahali ulipo, tarehe na saa za eneo, kisha inakokotoa ni dakika ipi jua litakuwa chini ya upeo wa macho kwa pembe fulani. Pembe hiyo ndiyo roho ya hesabu yote, nayo mara nyingi imefichwa ndani kabisa ya mipangilio. Muslim World League hutumia digrii 18. Hesabu ya Umm al-Qura ya Makka ni 18.5, ya Misri ni 19.5, ya Karachi ni 18, na ile ya ISNA, jumuiya ya Waislamu ya Marekani Kaskazini, ni 15. Wote wanatafuta kitu kilekile: ule weupe unaotanda kwa mapana upande wa mashariki. Kabla yake huweza kutokea mwanga mwembamba uliosimama wima, ambao Waarabu waliufananisha na mkia wa mbwa mwitu. Huo ni alfajiri ya uongo, haumzuii mtu kula wala hauingizi wakati wa swala.

Tofauti ya pembe ikigeuzwa kuwa muda inatisha kidogo. Karibu na ikweta digrii moja ni dakika nne na ushei, kwa hiyo kutoka 19.5 hadi 15 ni dakika 18 mpaka 20. Hapo mtu anapika na kula daku akamaliza. Ukienda mbali na ikweta pengo linazidi kupanuka. Aliyewekewa 15 mahali ambapo msikiti wake unafuata 18 atakuwa anatafuna kwa dakika kumi na mbili baada ya jirani zake kuanza kufunga, na simu yake itamwambia yuko sawa.

Programu nyingi hukisia njia ya hesabu kwa kuangalia uko nchi gani. Zinapokisia vizuri, hutajua hata kama zimekisia. Zinapokosea, hutajua pia, na hilo ndilo baya. Programu nzuri huandika jina la njia na pembe zake kwenye ukurasa uleule wa nyakati, tena kwa maandishi yanayosomeka. Ikiwa ya kwako haifanyi hivyo, ingia kwenye mipangilio, tafuta njia ya hesabu, na uilinganishe na ratiba ya msikiti au ya mamlaka ya Kiislamu ya unakoishi. Pembe usiichague kwa sababu inakuongezea dakika za kula.

Jambo hili ni la tangu mwanzo. Iliposhuka aya inayoruhusu kula na kunywa mpaka ubainike uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri (Al-Baqara 2:187), sahaba Adi bin Hatim aliweka kamba mbili chini ya mto wake, nyeupe na nyeusi, akawa anazitazama usiku zisimbainikie. Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa kilichokusudiwa ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Kamba hazikuwa na kosa. Alitazama alama badala ya kitu chenyewe, na simu mkononi inaweza kumfanyia mtu vilevile.

Sasa imsaki, yaani wakati wa kujizuia kula kabla alfajiri haijaingia. Programu nyingi zina mstari huo, kwa kawaida dakika 10 kabla ya alfajiri. Ni tahadhari na haiharamishi kula, kwa kuwa aya imeruhusu mpaka alfajiri. Kuna asili nzuri ya kumaliza mapema: Zaid bin Thabit alipoulizwa muda uliokuwapo kati ya daku yao na Mtume na adhana, alisema ni kadiri ya kusoma aya hamsini. Programu inayostahili sifa huandika imsaki kwa rangi hafifu na kuieleza kuwa ni tahadhari. Inayostahili lawama ni ile inayopiga adhana kamili kwenye imsaki. Kosa hilo si dogo. Mgonjwa au mtu aliye peke yake nyumbani akisikia adhana husimama akaswali, na swala iliyoswaliwa kabla ya wakati wake haihesabiki. Hapa watunga programu wengi hawafikiri vya kutosha: kinacholinda saumu hakilindi swala. Kuitanguliza alfajiri kunaisalimisha funga, lakini kunaihatarisha swala ya alfajiri. Kwa hiyo programu iwe na arifa mbili zenye sauti tofauti, moja ya kuacha kula na nyingine ya kuingia kwa wakati. Ikiwa moja tu inapatikana, iwe ya wakati wenyewe, na tahadhari uiweke kwa kengele ya kawaida ya simu.

Wanaoishi kaskazini sana wana mtihani wao. Kuanzia latitudo ya digrii 48.5 hivi, katika siku ndefu za Juni jua halishuki kufikia digrii 18 chini ya upeo usiku kucha, kwa hiyo hesabu haina jibu. Programu dhaifu huonyesha vistari vitupu, au huweka saa isiyoeleweka bila maelezo. Zilizotengenezwa kwa uangalifu hutoa njia tatu zinazojulikana: kuugawa usiku nusu kwa nusu, kuchukua sehemu ya saba ya usiku, au kuugawa kulingana na pembe. Matokeo yake hutofautiana sana, kwa hiyo huko uamuzi ni wa wanazuoni wa mahali, na kazi ya programu ni kusema waziwazi imetumia ipi. Miaka hii Ramadhani inaangukia majira ya baridi ya kaskazini, kasoro hiyo haionekani. Anayelipa kadha, yaani siku za funga anazodaiwa, mwezi Juni ndiye atakayekutana nayo.

Magharibi ni rahisi zaidi. Jua linahesabika limekuchwa kitovu chake kinapokuwa digrii 0.833 chini ya upeo. Hizo ni dakika 50 za pembe: 34 kwa sababu hewa hupinda mwanga na kulinyanyua jua machoni petu, na 16 ni nusu ya upana wa jua lenyewe. Katika hili programu karibu zote hukubaliana ndani ya dakika moja. Zikiachana zaidi ya hapo, angalia mambo matatu.

La kwanza ni njia ya Jafari. Kwa Mashia wakati hauingii kwa kuzama jua tu, husubiriwa wekundu wa mashariki upite, na programu huweka digrii 4 chini ya upeo. Karibu na ikweta hiyo ni kama dakika 13 baada ya jua kuzama. Sunni aliyewekewa njia hii anajichelewesha, ilhali Mtume amefundisha kuwa watu wataendelea kuwa katika kheri maadamu wanaharakisha kufuturu. Shia aliyewekewa njia nyingine anafuturu kabla ya wakati wake kwa mujibu wa madhehebu yake. Programu iulize madhehebu mara ya kwanza inapofunguliwa.

La pili ni kukadiria dakika. Hesabu hutoa sekunde, na programu huzikata kwenda dakika iliyo karibu. Kwa funga ingefaa sekunde za magharibi zipandishwe na za alfajiri zishushwe. Programu chache hufanya hivyo. Dawa yake ni ile sehemu ya kurekebisha dakika kwa mkono: ongeza moja kwenye magharibi, basi. Anayeongeza tano "kwa usalama" anaacha sunna bila faida.

La tatu ni kimo, na hapa kuna kosa la kiufundi linalostahili kuelezwa. Aliye juu ya jengo refu hulichungulia jua kwa muda zaidi kuliko aliye chini. Mwaka 2011 mamlaka ya dini ya Dubai ilielekeza wakazi wa Burj Khalifa walio juu ya ghorofa ya 80 wasubiri dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 wasubiri tatu. Hilo ni sahihi, kwa sababu upeo wanaouona uko chini yao sana. Lakini zipo programu zinazochukua kimo kutoka usawa wa bahari na kukiingiza kwenye hesabu hata kwa mtu anayeishi kwenye uwanda wa juu ulio tambarare, ambako upeo wake uko kimo kilekile alichosimama. Kwa uwanda wa mita 1,700 kosa hilo hufika karibu dakika sita. Ukiona kitufe cha kimo, kizime, isipokuwa unaangalia bonde au bahari kutoka juu kabisa.

Kuhusu kufuturu kabla ya wakati kwa kudhani jua limekuchwa, Asma bint Abi Bakr amesimulia kwamba zama za Mtume walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likaonekana. Wanazuoni wengi wanaona siku hiyo hulipwa. Kosa la programu halikuondolei deni, hata kama dhambi haipo.

Hesabu inaweza kuwa sahihi na arifa isilie. Kwenye simu za Android, kiokoa betri hulaza programu usiku, na daku inapita kimya. Android 12 ilileta ruhusa maalumu ya kengele za dakika kamili, na kwenye Android 14 programu nyingi zinazosakinishwa upya huanza bila ruhusa hiyo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, si ya programu, uiruhusu ipige kengele, itume arifa, na iondolewe kwenye kuokoa betri. Kwenye iPhone hali ni nyingine: mfumo hushikilia arifa 64 tu zilizopangwa kwa kila programu. Ukiwasha swala tano, imsaki na daku, ni arifa saba kwa siku, na zinaisha siku ya tisa au ya kumi ikiwa hujaifungua programu yenyewe. Ndiyo sababu watu hulalamika kwamba imelia vizuri mwanzo wa mwezi kisha ikanyamaza kumi la kati. Ifungue kila siku, hata kwa kuitupia jicho. Adhana kukatika kwenye sekunde ya 30 nako ni kikomo cha mfumo huohuo, usiilaumu programu.

Kwa safari ya ndege usiitegemee kabisa. Mtandao ukikatika hubaki na nyakati za mji ulikotoka. Aliyefunga angani hufuturu jua likizama machoni pake pale alipo, na akielekea magharibi siku yake hurefuka. Akiona uzito, msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, kwa nassi ya Al-Baqara 2:184 na 185.

Kalenda ya Hijria ndani ya programu nimeipa alama za chini kwa karibu zote. Mwezi ni siku 29 au 30, na amri ni kufunga kwa kuuona mwezi na kufungua kwa kuuona, na mawingu yakiuficha, kukamilisha thelathini. Programu hufuata jedwali au hesabu ya Umm al-Qura, kisha hutangaza Ramadhani kana kwamba mwezi umeandama. Wanazuoni wana mjadala mrefu, wengine wakitosheka na mwandamo wa popote, wengine kila eneo na matlai yake, yaani mwandamo wake lenyewe, wakitegemea kisa cha Kuraib aliyeuona mwezi Sham usiku wa kuamkia Ijumaa, na Ibn Abbas akiwa Madina asiutumie. Programu haina haki ya kukuamulia hayo. Kinachohitajika ni sehemu ya kusogeza tarehe kwa siku moja mbele au nyuma, iwe rahisi kuipata. Wapo waliotumiwa salamu za Idi na simu siku ambayo kwao ni ya thelathini ya kufunga. Kuna athari nyingine isiyotarajiwa: katika njia ya Umm al-Qura, isha huwa dakika 90 baada ya magharibi, na 120 ndani ya Ramadhani. Tarehe ikikosewa, isha inaruka nusu saa.

Sehemu inayoniuma zaidi ni ile ya kuhesabu siku ulizofunga. Wabunifu wameichukua kutoka programu za mazoezi ya mwili: kila siku uliyofunga inapata alama ya kijani, uliyokosa inapata nyekundu, na mnyororo ukikatika unaambiwa uanze upya. Mwanamke aliye katika hedhi anaonyeshwa wekundu kwa siku saba. Huyo hajakosa chochote. Kufunga kwake katika siku hizo ni haramu, na kuacha kwake ni utiifu. Mgonjwa na msafiri nao wamepewa ruhusa na Mola wao. Kisha kinakuja kitufe cha kuwashirikisha marafiki idadi yako. Saumu ndiyo ibada iliyofichika kuliko zote, na katika Hadith Qudsi Mwenyezi Mungu ameinasibisha na Nafsi yake: saumu ni yangu, nami ndiye nitakayeilipa. Kuitolea beji na kuitangaza ni kuivua vazi lake. Ikiwa kitufe hicho hakizimiki, tafuta programu nyingine.

Daftari la kadha, kwa upande mwingine, ni huduma yenye manufaa ya kweli, kwa sharti liwe limeandikwa na mtu anayejua fikihi. Kila siku inayodaiwa iwe na sababu yake, kwa kuwa hukumu hufuata sababu. Mwenye hedhi hulipa siku kwa siku, na swala halipi. Mzee asiyeweza na mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa fidia: kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku kwa Mashafi (wafuasi wa madhehebu ya Shafi), na kwa Mahanafi (wa madhehebu ya Hanafi) nusu pishi ya ngano au thamani yake. Mjamzito au mnyonyeshaji aliyemhofia mtoto peke yake, kwa Shafi hulipa na kutoa fidia, kwa Hanafi hulipa tu. Aliyechelewesha kadha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikamkuta, kwa Shafi huongeza kibaba kwa kila siku, kwa Hanafi haongezi. Programu nyingi huchanganya fidia na kafara. Kafara ni nzito mno: ni ya aliyefanya tendo la ndoa kwa makusudi mchana wa Ramadhani, nayo ni kuacha huru mtumwa, asipoweza kufunga miezi miwili mfululizo, asipoweza kulisha masikini 60. Mahanafi na Wamaliki huiingiza pia kwa aliyekula makusudi. Kitufe kinachokuambia "ulisahau daku, toa kafara ya watu 60" ni hatari. Kasoro nyingine ni kuhesabu deni kwa mwaka wa miladi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, na mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Daftari lenye chumba kimoja kwa kila mwaka litazichanganya.

Nia na dua nazo huwekwa kizembe. Nia ni ya moyo. Maneno ya Kiarabu yanayotokea kwenye kioo ni msaada tu. Kwa Shafi nia ya fardhi ni kila usiku kabla ya alfajiri, kwa Maliki nia moja ya mwanzo wa mwezi yatosha maadamu funga haikukatika, kwa Hanafi inakubalika hata baada ya alfajiri kabla ya adhuhuri kukaribia. Kikumbusho kinacholia saa mbili asubuhi kwa Shafi kimechelewa. Na dua ya "dhahaba dhama'u", yaani kiu imeondoka, mishipa imelowa, ujira umethibiti, husomwa baada ya kufuturu. Maana yake yenyewe inasema hivyo. Programu huirusha dakika mbili kabla, mtu akiwa koo bado kavu.

Kurasa za maswali ya afya zisomwe kwa uangalifu. Baraza la Fikihi la Jeddah mwaka 1997 liliona kuwa matone ya macho na sindano zisizo za lishe havifunguzi, lakini programu nyingi hutoa jibu moja bila kutaja ni rai ya nani. Kwa mwenye kisukari, kilichofaa kuwemo ni hiki: kupima sukari hakufunguzi, na ikishuka chini ya 70 au kupanda juu ya 300 kwa kipimo cha mg/dL, afungue papo hapo. Ushauri kabla ya mwezi aupate kwa daktari wake.

Faragha kwa kifupi: Novemba 2020 iliripotiwa kwamba data za mahali za watumiaji wa programu ya Muslim Pro zilifika kwa kampuni ya X-Mode, iliyokuwa na wateja miongoni mwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wamiliki walikana kuuza data kwa jeshi, na wakatangaza kuachana na washirika wao wa data. Funzo ni la programu zote: andika mji wako kwa mkono, unyime ruhusa ya mahali. Kwa nyakati za mji mmoja hupotezi kitu.

Kwa hiyo programu ipi ya kuchukua? Kwa aliye karibu na msikiti unaoshiriki, Mawaqit, mradi uliozaliwa Ufaransa, ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa kuwa msikiti wenyewe ndio huingiza ratiba yake, na unafunga pamoja na jamaa yako badala ya kufunga na pembe. Kwa asiye na msikiti kama huo, programu ndogo ya nyakati tu, inayotaja njia na kuruhusu marekebisho ya dakika, inatosha na kuzidi. Zile kubwa zenye Qurani, kibla, habari na matangazo nazipa alama ya wastani. Hesabu yake ni nzuri, lakini tangazo linalotokea wakati wa kufuturu linaudhi, na mipangilio muhimu imezikwa.

Ipime kabla ya Ramadhani, siku tatu za mwisho wa Shaabani zinatosha. Simama mahali upeo wa magharibi uko wazi, usio na mlima wala majengo, uangalie ukingo wa juu wa jua unapopotea, kisha soma saa. Usilikodolee jua likiwa bado kali, subiri liwe jekundu. Tofauti ikizidi dakika mbili, kagua kwanza saa za eneo, kisha mji uliochaguliwa, kisha kitufe cha kimo, na mwisho njia ya hesabu. Ikiwa vyote viko sawa na bado haikubaliani na jua, ifute, ubandike ratiba ya msikiti ukutani.